Kofia Kubwa ya Maonyesho

Kamati ya maonyesho ilipotangaza kwamba kila kazi ya mikono iletwe pamoja na maelezo yake ya maandishi, jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: wanataka kujua nini hasa? Miaka ile, kwetu Unguja, mtu hakuulizwa swali bure. Mkeka ni mkeka, unakaliwa. Kwa nini aliyeusuka aeleze kausuka wapi, kwa sababu gani, na unalifundisha nini taifa?

Lakini nilikuwa msichana mwenye hati nzuri, nimemaliza skuli juzijuzi, na Mlandege nzima ilinijua. Wanawake wakaja na mikeka yao, makawa na foronya, wakajipanga ukumbini kwetu, nami nikawaandikia. Upesi nikajua waamuzi watapenda nini. Kawa la bibi mmoja kutoka Uroa nililiandika kuwa ni alama ya umoja wa wakulima na wafanyakazi. Nilipomsomea, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Mwanangu, hilo la kufunikia wali," akasema. "Usije ukanitia jela."

Mama alikuwa pembeni na sindano yake, anashona. Wageni walipoondoka, akatoa kofia kutoka kwenye kasha na kuniwekea mapajani.

"Na mie niandikie."

Nilishtuka. Mama hakuwa mtu wa kujionyesha. Tangu baba aondoke, hata harusini alikaa nyuma kabisa. Baba alivuka kwenda bara bila ruhusa mwaka uliofuata Mapinduzi, na tokea hapo hatukupata barua wala salamu. Nani angethubutu kuandika, na barua zinafunguliwa njiani? Mama aliitwa kwenye tawi la chama akaulizwa, akajibu hajui mumewe yuko wapi. Mimi mwenyewe nilimwamini nusu.

Kofia ilikuwa ya bafta nyeupe, imetobolewa na kushonwa kwa uzi wa rangi ya maziwa, vitobo vidogo hata jicho linachoka. Nikaivika kwenye ngumi yangu, ikalegea. Nikaweka ngumi zote mbili. Hapo nikaelewa. Kichwa cha baba kilikuwa maarufu mtaani. Watani wake walimwambia asiswali safu ya mbele, atawaziba watu kibla.

"Hii ya nani, mama?"

"Ya maonyesho."

"Mama!"

Akaenda kufunga dirisha la barabarani, akarudi kukaa karibu yangu.

"Zitakazochaguliwa zinakwenda kuonyeshwa Dar es Salaam. Watu wa kwetu walioko huko watakwenda kutazama. Baba yako akiwa hai, ataiona, au ataambiwa. Ajue tupo. Ajue nnamngoja."

Nilimkasirikia, na nilimwogopea zaidi kuliko nilivyomkasirikia.

"Na wao wakijua?"

"Mwandishi si wewe? Andika wasijue."

Nikaandika ukurasa mzima: vitobo ni nyota za uhuru, duara ni mshikamano, weupe ni moyo wa mwananchi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Mwenye maneno mengi, alisema, ndiye anayeulizwa zaidi. Alitaka nitaje kitambaa, uzi, na kwamba imeshonwa Mlandege.

"Na kipimo," akaongeza. "Kipimo usikisahau."

Siku ya kuchaguliwa tulikaa kwenye mabenchi ya skuli, kazi zetu zimepangwa mezani. Mmoja wa waamuzi, nilipomwona tu, nikamjua. Zamani alikuwa akicheza karata na baba barazani kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeshaamua zamani kwamba ndiye aliyepeleka jina la mama tawini. Akasoma maelezo yangu, akaichukua kofia na kuivaa. Ikamshukia mpaka kwenye nyusi. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaivua polepole, akamtazama mama.

"Bi, kofia hii ya nani?"

"Ya maonyesho, ndugu," mama akajibu. "Kubwa ili ionekane."

Akasoma maelezo mara ya pili, kisha akaiweka upande wa zilizochaguliwa. Mama akashusha pumzi. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kuogopa, maana sikuona kwa nini mtu yule atutendee wema. Nilidhani anaipeleka kofia Dar kama chambo, aone nani ataisogelea. Wiki zote zile kila aliyebisha hodi nilimchungulia kwanza.

Maonyesho yalipokwisha, tarishi wa kamati akaturudishia kofia ndani ya gazeti. Nikaifungua mimi. Ukingo wa ndani, pande zote, ulikuwa umeingia mafuta ya nazi.

"Wameivaa!" nikasema kwa hasira. "Kazi ya watu wanaichezea!"

Mama akaninyang'anya. Akageuza ukingo, akaupeleka puani, akakaa chini palepale mlangoni. Machozi yakamtoka, na huku anacheka.

"Ingemkaa nani mwengine?" akasema. "Niambie wewe. Nani?"

Majibu nilikuwa nayo. Mlinzi wa ukumbi. Mchukuzi wa bandarini. Muamuzi yule yule. Nusu ya wanaume wa pwani wanapaka mafuta ya nazi, na kofia kubwa humwingia kila mtu. Mama alikuwa ananitazama, anangoja.

"Ni yeye," nikasema. "Ni baba."

Baba hakurudi, wala hakutokea mtu wa kutwambia amemwona. Kofia nyingine zote alizozishona mama zilifuliwa, zikatiwa wanga na kupigwa pasi. Ile mama hakuifua. Na mimi niliyeshuku kila kitu, kila alipokwenda sokoni nilifunga dirisha la barabarani, nikafungua kasha, nikainusa.