Jembe Kwenye Maharage Yenye Maua

Nilimtafuta mshauri wa falsafa mtandaoni kwa sababu mchungaji alinisamehe haraka mno. Nilimweleza kwamba mama yangu amekufa nikiwa nimemdanganya, akaniwekea mkono kichwani, akaomba, kisha akawahi kikao cha ujenzi wa kanisa. Mimi sikwenda kutafuta msamaha. Nilitaka kujua kama nilimkosea mama au sikumkosea, basi.

Mwalimu mwenzangu hapa Kibondo, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, ndiye aliyenielekeza. Eti yuko mama mmoja Dar es Salaam, amesomea falsafa, unampigia kwa video mnafikiri pamoja. Nilimcheka. Tangu lini mtu mzima akatafutiwa mwenzake wa kufikiri naye? Lakini Jumamosi hiyohiyo nilijifungia kwenye darasa la kidato cha pili, nikakiegemeza kishikwambi kwenye boksi la chaki, nikapiga.

Nilianza vibaya. Kwetu Buha humwingilii mtu na shida zako kabla ya salamu, na salamu yetu ni ndefu, ina kuinama na makofi. Basi nikampigia makofi taratibu mbele ya kamera, nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe. Ng'ombe, mtu yuko Dar! Maskini akajibu zote, hata za ng'ombe, mpaka alipotazama saa na kuniambia kwa upole kwamba muda wetu umebaki nusu. Nikaona aibu, aibu ikageuka hasira, na kwa hasira hiyo nikamwaga yote.

Nilimweleza kwamba mama alikuja Tanzania akikimbia vita Burundi, ana mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye kaka yangu. Baadaye aliolewa na baba, Mha wa Nyakitonto, nikazaliwa mimi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, kaka, aliyekuwa ameoa humo kambini, alirudi Burundi na mkewe. Mama alibaki Nyakitonto na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, na kila nilipokwenda likizo swali lake la kwanza lilikuwa moja: kaka yako amepiga? Nami nikimjibu amepiga, anakusalimu.

Desemba ile mama alikuwa mgonjwa wa moyo, amelala chumba cha nyuma. Daktari alituonya tusimpe habari za kumshtua. Ndipo shemeji akanipigia kutoka ng'ambo: kaka ameugua homa siku tatu, amefariki, wameshazika.

Nikaamua mama asijue. Nilimwambia shangazi peke yake. Tatizo likawa jembe. Kwetu mtu akifa jembe linalala; hakuna wa ukoo anayegusa udongo mpaka matanga yaishe. Mama alikuwa mkulima tangu utotoni, na dirisha lake dogo lilitazama shamba. Niliogopa kwamba siku mbili tatu bila kusikia jembe la shangazi zingemwambia kila kitu. Nikamsihi shangazi alime hata kidogo, akakataa katakata. Alisema hata kama hakumzaa yule kijana, alimlea, na hatalima juu ya msiba wake.

Basi nikalima mimi. Nilichukua jembe, nikaingia kwenye maharage nyuma ya nyumba, nikalima asubuhi nzima kwa kishindo, chini ya dirisha la mama, machozi yakinitoka na mdomo nimeufumba. Jioni mama aliniita. Akanishika kiganja, akakiona kimechubuka, akasema, "Mwalimu, kulima hujui." Akacheka kidogo, nami nikacheka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijua nimefaulu. Mwezi wa tatu akafa, nasi tukamzika.

Yule mama wa Dar hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo. Nikamwambia haya, nipe jibu, nilimkosea au sikumkosea. Akasema yeye si hakimu, hatoi hukumu. Nikajisemea moyoni, hapa nimeliwa. Kisha akauliza, "Baada ya siku ile uliyolima, mama aliendelea kukuuliza kama kaka amepiga?"

Nilifungua mdomo kujibu ndiyo. Halafu nikakumbuka likizo yote iliyobaki, kisha Februari nilipoomba ruhusa, kisha simu zote za Jumapili. Hakuuliza tena hata mara moja. Nami nilikuwa nimeshukuru, nikidhani maradhi yamemsahaulisha. Nilimuaga yule mama vibaya, sikumbuki hata nilisema nini.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Kasulu, nikaunganisha pikipiki mpaka Nyakitonto. Shangazi alikuwa anachambua mchicha. Tulisalimiana salamu yote, sikukata hata neno, kisha nikamuuliza. Alichambua jani baada ya jani mpaka ungo ukajaa.

Akanieleza kwamba asubuhi ile mama alimwita akamwambia amsaidie kuketi. Akasikiliza jembe. Akauliza ni nani huyo anayelima maharage yaliyotoa maua, maana hata mtoto mdogo wa huku anajua kwamba ukiyagusa wakati huo maua yanapukutika. Shangazi akamjibu ni mwalimu wako. Mama akasema, "Wewe hushiki jembe, analima yeye. Anaficha kitu. Ni kaka yake, siyo?" Shangazi akashindwa kumdanganya.

"Akajifunika blanketi, akauma upindo wa kanga usimsikie," shangazi alisema. "Akaniapisha nisikwambie. Alisema umehangaika sana, usije ukaona umehangaika bure."

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba. Maharage yale hayakuzaa mwaka ule, shangazi aliwahi kunilalamikia kwenye simu, nami nikasingizia mvua. Jamani, nimesoma mpaka chuo kikuu, na nimesahau kitu anachokijua mtoto wa darasa la pili wa hapa kijijini. Nililia kwa sauti, mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani tena. Shangazi akawaambia ni uleule.

Sijampigia tena yule mama wa Dar. Najua atauliza kama nimepata jibu langu, na jibu ninalo, ila silitaki. Mama hakufa akiwa amedanganyika. Ukuta wa chumba chake ni wa matofali mabichi, unene wake shubiri moja. Asubuhi ile tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, mimi nje na yeye ndani, kila mmoja amejiziba mdomo mwenzake asisikie, na jioni tukashikana mikono tukacheka.