Moyo wa Mzee Wandera

Nichekeni tu, wasomaji, maana hata mimi sijamaliza kujicheka. Mimi ni dresa, mfunga vidonda, hospitalini Tororo. Nilikuwa nimeunda chombo cha kusikilizia moyo kwa mpira wa baiskeli na mrija wa malwa, ule mrefu wa kunywea pombe ya ulezi, nikautoa kichujio chake. Daktari alikijaribu wodini akakisifu. Kilichobaki ni kumpata mtu wa kuvitengeneza vingi, zahanati za huku na za ng'ambo ya mpaka zivinunue kwa bei rahisi.

Mtu huyo alikuwa Mzee Wandera wa Busia, mwenye karakana, mlokole asiyetaka hata harufu ya pombe. Nikiwa njiani kwenda kwake nikapitia kwa wakwe zangu, kijijini Masaba. Chungu cha malwa kilikuwa katikati, na mirija haikutosha.

"Dresa, wewe nakataa pombe yetu?" shemeji akauliza.

Nikauchomoa mrija wa chombo changu, nikanywa nao.

Kesho yake nikamhakikishia Mzee Wandera kwamba chombo kimejaribiwa vizuri sana hospitalini, nikamwekea kifuani. Kimya.

"Wewe nasikia nini?" Mzee akauliza.

"Moyo umetulia, Mzee."

Nikahamia kwa mkewe. Kimya vilevile.

"Mama naye ametulia."

"Kwa hiyo tumekufa wote wawili?"

Akaninyang'anya mrija, akaugonga mezani. Likadondoka donge la machicha ya malwa. Akaliinamia, akalinusa, kisha akaniangalia.

"Dresa," akasema polepole, "hospitali hiyo ni ipi?"