Kiswahili cha Amri Tupu

Watu walikuwa wakiniambia nina bahati. Bahati ya nini? Eti namtunza mwanasayansi mkubwa, Mwingereza aliyepewa cheo na malkia wake, kwenye ghorofa ya juu kabisa Dubai Marina, ukifungua pazia unaona boti za matajiri zimejipanga huko chini. Boti hazikuwa zangu. Zangu zilikuwa nepi za mzee, vidonge vyake, uji wake, na kachumba nyuma ya jikoni kasiko na dirisha.

Aliyeniajiri ni bintiye, mama wa makamo aliyefanya kazi benki. Yeye nilimwita madam. Babake nilimwita Mzee siku ya kwanza, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri Kakamega angefanya. Madam akatafuta neno hilo kwenye simu, akarudi amenuna. "Babangu usimwite kikongwe," akasema. Nikamweleza kwamba kwetu mzee ni heshima, hata rais huitwa hivyo. Hakutaka kusikia. Basi akawa Profesa mbele ya madam, na Mzee tukibaki wawili.

Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Daktari alishauri aonyeshwe picha zake za zamani kila asubuhi, na kazi hiyo nikapewa mimi, kwa hiyo maisha ya yule mtu nayajua kuliko ya baba yangu mzazi. Alikuwa mtoto wa fundi wa reli. Alisoma kwa akili zake, hilo simnyimi. Alichunguza baridi, baridi kali ambayo hakuna friza inayoifikia, akitaka kujua kwa nini chuma fulani kikipozwa hivyo umeme hupita ndani yake bila kizuizi chochote. Nilicheka peke yangu: mtu ametumia ujana wake kutafuta baridi, halafu uzeeni analetwa Dubai.

Katika zile picha kuna moja yuko Nairobi, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini. Alifundisha fizikia huko miaka michache kabla ya uhuru. Baadaye alirudi kwao, akaendesha maabara kubwa, kisha akaacha kupima vitu akaingia ofisini. Akawa mkuu wa baraza lililoamua nani apewe fedha za utafiti na nani asipewe, maabara gani iendelee na ipi ifungwe. Madam alilisema hilo kwa fahari: "Baba alikuwa akisema neno moja tu, linatendeka." Nilisikia, sikulitilia maanani.

Kiingereza kilianza kumponyoka mwaka wangu wa pili pale. Alikuwa anaanza sentensi, anaiacha njiani, anatutazama kana kwamba sisi ndio tumeichukua. Ikafika wiki nzima hajasema kitu. Halafu asubuhi moja nikiwa namfunga vifungo vya shati, akanitazama usoni akasema, "Lete chai."

Kiswahili, jamani, kutoka kwenye kinywa kile kilichonyamaza. Sitaficha, nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Nilikimbia jikoni nikachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, ile ya nyumbani, nikamletea na shikamoo juu. Hakuitikia shikamoo. Alionja, akasema, "Hapana taka hii. Upesi."

Na hicho ndicho kilikuwa Kiswahili chake chote. Lete. Peleka. Kuja hapa. Fagia. Wapi viatu yangu. Toka. Nilimsikiliza wiki kadhaa nikitafuta neno moja la utu. Hakuna pole, hakuna asante, naomba ndiyo usiseme. Miaka yote Nairobi, mtu mwenye akili ya kufuata umeme ndani ya chuma, na hakuokota hata habari ya asubuhi. Alijifunza kiasi cha kumwamrisha mpishi wake, akatosheka. Sasa kila kitu kimefutika kichwani mwake, malkia, maabara, hata jina la bintiye, kimebaki kile alichokuwa akimwambia mtu wa kwetu aliyemwoshea soksi. Lugha niliyobembelezewa na mama yangu.

Madam ndiye alifurahi. "Anakumbuka! Anaongea lugha yenu!" Akaanza kutupiga video. Nikajaribu kumwambia kwamba yale si mazungumzo, ni amri. Akanishika bega akasema usiwe mkali hivyo, nyinyi wawili mna kitu cha pekee.

Siku yangu ya mapumziko nilikuwa nikienda mtaa wa Discovery Gardens, kwenye chumba tulichokodi vitanda wanawake kadhaa. Nilimwaga hasira zangu kwa mwenzangu mmoja, Mganda aliyekuwa mlinzi kwenye duka kubwa. Akaendelea kupaka kiwi buti zake. "Dada, wewe unashangaa nini?" akasema. "Kwetu Kiswahili tulikijua kwa askari. Lala chini, toa kitambulisho, panda lori. Mzungu wako hata ni mpole." Maneno yake yakaniudhi zaidi.

Mimi nilikuwa na shida yangu, na ndiyo iliyonifunga mdomo. Binti yangu, wa pekee, alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba. Nilimwacha akiwa darasa la sita, miaka mingi kabla sijafika kwa Mzee, akalelewa na mdogo wangu wa kike. Sikuwepo alipovunja ungo, sikuwepo alipofeli mtihani wala alipofaulu. Nilimwapia kwamba hii moja nitakuwepo, na nikamwomba madam ruhusa mapema, tangu joto la kiangazi. Kila nilipomkumbusha alijibu, "Inshallah." Sisi tukisema inshallah tunamwachia Mungu. Madam neno hilo alijifunza hapa mjini, na kwake lilikuwa namna ya kusema hapana bila kukunja uso.

Ila mwezi wa kumi aliniahidi waziwazi. Chuo kikuu kimoja hapa kilikuwa kinafungua maabara mpya, na wanaipa jina la babake. Kutakuwa na hafla, wakubwa watakuja. "Tuvuke hiyo salama," akasema, "halafu nenda kamwoze binti yako." Nilimshukuru hadi nikajichukia. Kuondoka bila ruhusa nisingeweza, maana ningeandikwa mtoro, na mtoro harudi tena kazini nchi hii.

Siku ya hafla nilimwogesha, nikamvalisha suti, nikamfunga tai. Ukumbi ulikuwa umejaa kanzu nyeupe na suti. Kwenye kuta wamesimama wahudumu wenye sinia, na mimi Wakenya siambiwi, niliwatambua wanne. Maisha ya mzee yakaonyeshwa kwenye skrini: baridi, maabara, baraza, malkia. Nairobi ilipita na ile kaptula yake, watu wakasema aah. Kisha mwenyeji wa hafla, ambaye hakuwa ameambiwa ukweli kuhusu ugonjwa, akamsogezea kipaza sauti.

Mzee akakitazama tu. Madam akanikonyeza nikamwongeleshe. Nikapiga magoti kando ya kiti nikamwambia taratibu, "Mzee, wageni wako wamekuja. Wasalimie." Akawatazama wale wakubwa wote, safu kwa safu. Sauti ikamtoka nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Chafu sana hapa. Nyinyi yote, toka nje."

Mhudumu mmoja pale ukutani aliinamisha uso kwenye sinia. Mwenyeji akatabasamu, akanielekezea kipaza sauti mimi. "Profesa amesema nini?"

Ningesema. Wallahi, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilitaka waujue ule ukweli wote, waujue na makofi yao mikononi. Lakini nilimwona binti yangu na shela lake. Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema karibuni sana, na asanteni kwa kumkumbuka." Ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi. Madam alilia. Mimi nilimpa mzungu bure maneno ambayo hakuwahi kuyanunua kwa mtu yeyote, na wale Wakenya wanne walikuwa wananitazama.

Kwenye gari nikataja tiketi. Madam alikuwa bado anapangusa macho. "Umeona jinsi anavyoongea na wewe?" akasema. "Wewe ndiye sauti yake sasa. Chuo kinataka kumrekodi mwezi ujao, wewe ukitafsiri. Siwezi kukuachia, si kwa sasa. Harusi wanarekodi, utaiona yote." Nikamkumbusha ahadi. Akageukia dirisha. "Tutaona mwakani, inshallah."

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda huyu nilimpanda mwenyewe. Kama ningesema kweli pale ukumbini angenifukuza, na kwa kufukuzwa ningepandishwa ndege kurudi nyumbani kabla ya harusi. Wazo hilo lilinijia barabarani, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, na nikacheka kwa sauti. Dereva akanitazama kwenye kioo. Siku zilizofuata nilifanya kazi. Mzee alinena amri zake, nikazitekeleza. Madam alinena shukrani zake, nikaenda kufua. Nilipompigia binti yangu simu hakulia wala hakunilaumu. Alisema, "Sawa, mama, nilikuwa nimeshamwambia aunty ajiandae." Yaani alikuwa amejua kabla yangu.

Jumamosi ya harusi niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikawa nakata karoti za supu huku natazama. Kanisa letu lilikuwa limepakwa rangi mpya. Binti yangu alikuwa mzuri, na alikuwa mrefu kunizidi, jambo ambalo sikulijua. Mchungaji akasema wazazi wa bibi harusi wasimame. Mdogo wangu akasimama na kofia yake, akachukua nafasi yangu vizuri kabisa.

Mimi nami nikasimama wima pale jikoni, kisu mkononi, kitambaa cha vyombo begani.

Madam akapita kuchukua maji. Akaniona nimesimama hivyo, sifanyi kitu. Akauliza kwani kuna nini.

"Hakuna, madam," nikasema. "Wameniambia nisimame."