Picha Mbili za Mtunza Bustani

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakuwahi kupaka rangi za maji. Ukizubaa kidogo, anga inakauka mistari mistari kama shuka iliyofuliwa vibaya. Nilikuwa msichana wa chuo cha ualimu, mwenye majivuno kupita kiasi, na Jumamosi moja nilikwenda kuchora bustani ya mji wa Tororo kwa ajili ya cheti changu. Mabenchi yalikuwa ya Wazungu. Nilikalia ndoo ya mtunza bustani, tuliyoipindua.

Yeye ndiye aliyenitekea maji, akayabadilisha kila yalipochafuka. Nililowesha karatasi yote, nikamwaga buluu, nikauacha mwamba wa Tororo ujitokeze kijivu nyuma ya mijakaranda, na nyasi nikazipitisha kwa brashi pana mara moja tu. Akaomba nimtie na yeye pichani. Nikamtia kwa miguso mitatu ya rangi ya kaki, pamoja na kopo lake la kumwagilia, kabla karatasi haijakauka.

Aliinama akatazama. "Mwalimu, miguu yangu iko wapi?"

"Imo ndani ya nyasi."

"Na macho?"

"Kwa mbali macho hayaonekani, kaka."

Hakucheka. Ndipo akanieleza shida yake. Mkewe alikuwa amerudi kwao Kiyeyi, kwa kuwa mama mkwe alisema mwanamume anayemwagilia vitu visivyoliwa hana kazi, ana wazimu. Na kwa mila zao mkwe hawezi kusimama uso kwa uso na mama mkwe abishane naye. "Mimi nakatazwa kuingia mbele yake," akasema, "lakini picha inaweza ingia. Aone kazi yangu iko ya serikali, bibi yangu arudi. Hapa ataniona wapi?"

Nilinuna, maana picha ile niliipenda mno. Hata hivyo nilichana ukurasa wa daftari, nikamchora kwa penseli akiwa kamili: macho, vifungo sita, na kwa kuwa mkono ulishakuwa karimu, viatu vyeusi vinavyong'aa. Viatu hakuwa navyo. Aliipokea kwa mikono miwili, meno yote nje.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amenyong'onyea. Shemeji yake aliipeleka picha ndani, mama mkwe akatazama viatu tu. "Anasema hii ni mtu ingine. Anasema kama nadanganya viatu, nadanganya na kazi."

Njia ya mwongo ni fupi, na mwongo nilikuwa mimi, si yeye. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Ile picha ya kwanza ilikuwa chuoni kwenye jalada, ikingoja kutiwa alama, na mwalimu wetu alikwisha kuisifu mbele ya darasa zima. Nikaichomoa. Mwalimu nikamwambia imeloa mvua, uongo mwingine, nakiri. Mtunza bustani aliichukua kwa adabu tu, kama mgonjwa anayepewa dawa asiyoiamini.

Wiki moja baadaye nilimkuta mwanamke amekaa kando ya ua wa miti, amevaa gauni lake safi la gomesi, furushi pembeni. Alikuwa mkewe. Nilifurahi nusura nimwage maji. Tulipokwisha kusalimiana, nikamuuliza alimtambuaje mumewe, na pichani hata macho hana.

"Nimeona bega," akasema. "Hii ya kulia imeshuka. Inamuumaga tangu zamani, na mimi ndiyo namkandaga kila jioni. Nikajua hakuna mtu anamkanda."

Mumewe alitazama chini, akitabasamu. Bega sikuwa nimeliona hata kidogo. Siku ile nilizidisha tu maji kwenye brashi, na rangi ikateremka yenyewe upande wa kulia. Nilirudia mtihani wa kuchora mwaka uliofuata, na hao wawili sikuwaambia kitu.