Hukumu Iliyotolewa Nikiwa Mkekani

Nilihukumiwa nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Trekta lilikuwa langu, kwa jina langu, nimelinunua kwa alizeti yangu ya misimu mingi hapa Kinyangiri. Dereva alikuwa mume wangu. Siku moja, akivuta tela la magunia, aligonga ukuta wa duka la watu ukaanguka. Tulikuwa na bima, kampuni ikamlipa mwenye duka, tukashukuru. Baadaye wakageuka. Eti leseni ya mume wangu ilikuwa imekwisha muda wake, kwa hiyo niwarudishie kila walicholipa. Uongo mtupu! Alikuwa ameihuisha, na siku ile ilikuwa kwenye mfuko wake wa shati. Aliwaonyesha, wakasema watalifanyia kazi. Kabla hawajalifanyia kazi, mume wangu aliugua, akafariki.

Kwetu mfiwa hasumbuliwi. Unakaa chini, wanawake wanakuzunguka, wengine wanapika, wengine wanateka maji, na habari yoyote ya shari inaishia mlangoni. Hata ng'ombe wako akifa zizini, huambiwi mpaka matanga yaanuliwe. Katikati ya watu wale akaja mtu wa mahakama na hati ya kuniita kwenye kesi. Mama mkwe wangu aliipokea, akaweka dole gumba alipoonyeshwa, akaikunja na kuitia kwenye kihenge cha mtama. Hajui kusoma. Alijua tu kwamba karatasi yenye mhuri ni balaa, na kwamba mkwewe analia.

Siku ya kesi nikaitwa, sikuwepo. Wakasikiliza upande mmoja, ule wa kampuni, wakahukumu. Mimi nilijua dalali wa mahakama alipoingia uani na kopo la rangi nyekundu, akaandika namba kwenye boneti ya trekta. Kuanzia hapo lisisogezwe, likingoja mnada. Nikamuuliza nani amenishtaki, akanitazama kama anatazama kichaa. Mama mkwe akaingia ndani, akarudi na ile hati ikiwa na vumbi la mtama, akaniwekea mapajani.

"Nilisema ulie kwanza," akaniambia. "Matanga yalipoanuliwa nikakuona bado huli. Nikasema, bado kidogo. Sikujua karatasi ina siku yake."

Niliwaka, lakini si kwake.

Wakili niliyempata Singida mjini alikuwa mtu mwema na mwenye haraka. Akasema njia rahisi ni kutafuta cheti cha hospitali kwamba siku ile nilikuwa mgonjwa. Au niape kwamba hiyo hati haikufika kabisa.

"Sikuwa mgonjwa," nikamwambia. "Nilikuwa nimefiwa. Na hati ilifika, ikawekwa kihengeni."

"Mama, ukisema hivyo unampa mpinzani wako fimbo."

"Mpe. Wao ndio wamesema uongo juu ya leseni. Mimi nikiongeza wa kwangu, tutatofautianaje?"

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye benchi pembeni, akasema na yeye ataapa. Wakili akamwandikia maneno laini, kwamba alipitiwa. Aliposomewa akakataa kuweka dole gumba. "Sikupitiwa. Andika kwamba nilificha. Andika kwamba mtu aliyekaa kwenye mkeka wa msiba hapewi karatasi ya kudaiwa, hata ikitoka kwa nani." Wakili akanitazama mimi, mimi nikatazama dirishani. Akaandika.

Tukaomba mahakama ileile iitengue hukumu. Hakimu akakataa. Akasema hati imepokelewa na mtu mzima wa nyumba yangu, kwa hiyo nimepokea mimi, na kufiwa hakumzuii mtu kutii wito. Nilitoka pale nimejaa hasira. Shemeji yangu akanishauri niache trekta liuzwe yaishe, kampuni ina mawakili, mimi nina nini? Nikamwambia nina leseni ya kaka yake, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Hakurudia tena.

Nikakata rufaa Mahakama Kuu. Mvua za kwanza zilinyesha trekta limesimama uani na namba yake nyekundu, magugu yakaota kwenye magurudumu. Majirani waliozoea kulimiwa nalo walirudi kwenye plau na ng'ombe, na wengine walinipita wakiinamisha macho kana kwamba nimefiwa mara ya pili. Niliumia. Kila asubuhi nililifuta vumbi hata hivyo, ili apitaye ajue bado lina mwenyewe.

Siku ya rufaa tulikwenda wote wawili, mama mkwe akiwa na kitenge chake cha kanisani. Wakili wa kampuni akasema kiapo chake ni kichekesho: nani mwenye akili anaficha hati ya mahakama kwenye nafaka? Alitabasamu kidogo. Jaji hakutabasamu. Akafungua kiapo cha yule mtu wa mahakama aliyeleta hati, akasoma kwa sauti kwamba alikuta uani watu wengi, zaidi wanawake, wamekaa chini.

"Huyu aliyepeleka hati aliuliza kuna nini pale?"

Wakili akapekua karatasi zake. "Haikuandikwa, mheshimiwa."

"Aliuliza mwenye jina hili ni yupi kati yao?"

"Haikuandikwa."

Nilihisi mkono wa mama mkwe ukinishika goti, mgumu kama mpini. Uamuzi ulipotoka ulikuwa mfupi: hukumu ya upande mmoja imetenguliwa, amri ya kukamata trekta imefutwa, kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Wakili wangu akanionya nisishangilie sana, maana sijashinda bado. Nikamwambia sikuomba kushinda, niliomba kuwepo. Tulipofika nyumbani niliikwangua ile namba kwa mikono yangu, kesho yake trekta likaenda shambani.

Hati mpya ililetwa alizeti ikiwa imeanza kutoa maua. Mtu wa mahakama alikuwa yuleyule. Safari hii alisimama mbali, akabisha hodi, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akauliza kama nyumbani kuna msiba.

"Marahaba. Hakuna," akajibu mama mkwe. Akaninyooshea kidole nilipokuwa nachambua mboga. "Mwenyewe yule pale. Mpe, ameshamaliza kulia."

Nilikuwa sijamaliza. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikachukua kalamu, nikasaini jina langu lote.