Tepu ya Pudensiana na Mafuta ya Kondoo

Pudensiana hana siri. Akipata jambo jipya, mtaa wetu mzima wa Ngarenaro unalijua kabla ya chai ya saa nne. Nashona naye chumba kimoja mwaka wa tisa huu, kwa hiyo mimi nalijua saa tatu.

Mwaka huu jambo lilikuwa tepu, zile plasta za rangi zinazovutika, wanazobandikwa wanariadha kwenye misuli baada ya mazoezi. Alikwenda Moshi kujifunza wiki sita, akarudi anabandika kila mwenye ngozi. Mume wangu alikwenda kazini na shingo ya pinki!

Basi klabu moja ya wakimbiaji ikampa mtu mmoja wa kujaribia, Loserian, Mwarusha anayepandisha mlima Meru mbio, akishuka vigimbi vinamuuma hadi anakaa kwa kupiga yowe. Kocha Eliud alisema wazi, "Wiki mbili. Vigimbi vikipoa, kazi ni yako. Visipopoa, rudi kwenye cherehani." Mwenzangu aliitaka kazi ile hadi chakula kikamshinda. Miaka ishirini anapunguza suruali za watu, naye alitaka kuitwa mtaalamu.

Alikata tepu ya buluu kwa mkasi wetu wa nguo, akaibandika, ikatulia. Kesho yake Loserian akaja ameishika mkononi, imebanduka. Keshokutwa hivyo hivyo. Mara ya tatu ilitoka ndani ya soksi. Pudensiana akabadilisha rangi, akamnyoa kijana wa watu miguu yote. Wapi! Mimi nacheka hadi nalia, yeye analia kweli.

Nikainusa ile tepu. "Pude, mbona inanuka kondoo?"

Tukapanda bodaboda hadi kwa kina Loserian, nyuma ya soko la Kwa Mrombo. Tukamkuta mama yake, Yiamat, ameupakata mguu wa mwanawe, anausugua kwa mafuta ya kondoo, kama alivyofanya kila jioni tangu amzae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo gundi zenu hazina nguvu. Nikisugua kidogo tu, zinatoka."

Nikajua Pudensiana atalipuka. Kumbe alicheka, akashika mbavu, akakaa chini. "Mama, tugawane. Mguu wa kulia wako, wa kushoto wangu. Siku kumi."

"Utashindwa, mwanangu."

Loo, siku kumi za raha! Kijana anakimbia mguu mmoja buluu, mwingine unang'aa. Kila asubuhi kocha anauliza maumivu, kumi yakiwa makali kabisa. Mwanzo nane kwa nane. Kisha tano kwa tano. Siku ya mwisho, Yiamat mwenyewe amekuja uwanjani, Loserian akasema, "Kushoto mbili, kulia mbili."

Eliud akafunga daftari. "Tepu haijayashinda mafuta. Pole, Pudensiana."

Rafiki yangu akaanza kukusanya vitu vyake. Nilitaka kumtukana yule kocha.

"We kocha," akasema Yiamat. "Ulisema vikipoa, kazi ni yake. Vimepoa, havijapoa?"

"Vimepoa, mama, lakini..."

"Lakini nini? Au neno lako ni la asubuhi tu?"

Eliud akajikuna kichwa, akalifungua daftari, akaandika jina la Pudensiana. Mimi nilishapiga vigelegele kabla hajamaliza.

Yiamat akakaa kwenye benchi, akapandisha shuka. Goti lilikuwa limepauka, kavu kabisa.

"Linanisumbua tangu masika," akasema. "Nibandike. Sijalipaka mafuta siku tatu."