Barua Niliyoiombea Bila Kuifungua

Nikikumbuka siku moja tu ya ujana wangu, mwanangu, basi huwa ni Ijumaa ile. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi kwenye maombi, katika chumba cha chini cha kanisa tulichokuwa tumekodi Vällingby, pembeni mwa Stockholm, viatu vimejaa theluji mlangoni, na Mzee Lyimo akaninyooshea kidole. "Wewe kiongozi wa maombi," akasema, "mbona Biblia yako inazidi kunenepa?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya Biblia ile nilikuwa nimeficha bahasha tatu za idara ya uhamiaji, zote hazijafunguliwa.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa na miaka thelathini, mtu wa Uvira, Kongo, nimefika Sweden peke yangu. Mke wangu Riziki na binti yetu Neema walikuwa wamebaki katika kambi ya wakimbizi Kigoma, nami nilikuwa nimewaombea ruhusa ya kunifuata. Niliishi mji mdogo wa Märsta na kusafisha sakafu za uwanja wa ndege. Kila nilipopita na mopu pale wanapotokea wasafiri, nikaona watu wanakumbatiana na kulia, nilijiambia kwamba siku moja itakuwa zamu yangu.

Sasa, sisi tulikuwa na desturi yetu. Mtu akipata barua ya serikali hakuifungua nyumbani. Aliileta Ijumaa vilevile ilivyofungwa, tukaiwekea mikono na kuomba, ndipo ikafunguliwa. Usinicheke. Tuliamini kabisa kwamba maneno ya ndani yanaweza kubadilika kabla ya kusomwa. Na siku chache kabla barua yangu haijafika, ndugu mmoja alileta yake, mimi mwenyewe nikaongoza maombi, nikamtangazia ushindi kwa sauti kubwa. Akafungua, akakuta amekataliwa. Alikaa chini sakafuni na koti lake.

Ilipofika yangu, niliogopa. Nilijua tu kwamba ni ya kukataa. Nikaitia ndani ya Biblia, na Ijumaa nikasema lile neno letu tunalolipenda: "Nina ombi la siri, Mungu analijua." Ikaja ya pili, nayo nikaificha. Ikaja ya tatu.

Riziki alinipigia kila Jumapili. "Baba Neema, barua haijafika?"

"Bado, mama. Tuombe tu."

"Basi mimi nitafunga siku tatu."

Na alifunga, mwanangu. Katika kambi ambayo chakula chenyewe ni cha kupimiwa, yule mwanamke alikaa na njaa akimwomba Mungu alete barua iliyokuwa imelala karibu na mto wangu. Nami niliiita hali hiyo imani. Nilijisifu hata moyoni kwamba nimemtwika Bwana mzigo wangu na sihangaiki.

Turudi kwa Mzee Lyimo. Alikuwa Mtanzania aliyekuja zamani kusomea ufundi wa umeme, akaoa na kuzeekea huku. Ijumaa ile alisubiri wenzetu waondoke, akavuta kiti, akasema, "Lete." Akazipasua bahasha kwa ufunguo wa nyumba yake. Akasoma ya kwanza.

"Wanataka saini yako tu. Useme kama unakubali wewe na mtoto mpimwe, ithibitike ni wako. Walikupa wiki tatu."

Ya pili ilikuwa ya kunikumbusha. Ya tatu aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Wamekataa, na muda wa kukata rufaa nao umekwisha. Hukujibu."

"Nilikuwa namwachia Mungu, Mzee."

"Hukumwachia kitu," akasema kwa hasira. "Ulimwachia bahasha. Mimi niko hapa kila Ijumaa, Kiswidi nakisoma. Ulidhani Mungu aliniweka Vällingby ninywe kahawa?"

Tulianza upya. Alinijazia fomu kwa mkono wake. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mwaka wa pili wa kungoja, Riziki alishikwa na homa. Siku nne tu, akafariki. Nilipewa habari nikiwa kazini, nikamalizia kusafisha ukumbi ule, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Neema alifika akiwa na miaka tisa, amevishwa karatasi yenye jina lake shingoni. Nilisimama palepale nilipokuwa nikipiga deki. Hakunijua. Aliangalia nyuma yangu, kana kwamba baba yake bado anakuja.

Sisemi kwamba Riziki angepona huku. Hilo analijua Mungu. Ninalolijua mimi ni kwamba nilipewa wiki tatu, nikazilalia.

Neema sasa ni muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg. Miaka yote hii nilimwambia serikali ndiyo iliyochelewesha, na miaka yote hii Ijumaa nimesema nina ombi la siri. Jumapili iliyopita, jikoni kwake, nilimweleza ukweli. Maji ya chai yalichemka, birika likajizima. Kisha akauliza kwa Kiswidi, kama afanyavyo akiumia, "Visste mamma?" Mama alijua? Nikamjibu kwamba mama yake hakujua. Akaniomba niende nyumbani. Mpaka leo hajanipigia.

Kwa hiyo Ijumaa nilisimama na kusema, "Mniombee. Binti yangu hasemi nami, na kosa ni langu," nikaeleza lote. Uliniona nikilia. Kisha ikafika zamu yako, mwanangu, ukasema kwa sauti ndogo kwamba una ombi la siri, na mkono wako ulikuwa umeifunika Biblia.

Ndiyo maana nimekuandikia. Kumkabidhi Mungu mzigo ni kuutoa ulipofichwa. Mwambie yeye kwanza, umlilie hata usiku kucha, kisha fungua bahasha, nenda kwa daktari, piga simu unayoiogopa, na umwambie mtu mmoja mwenye masikio. Mungu akijibu kwa namna usiyoitaka, atakuwa nawe hapo pia, lakini utakuwa umesimama mahali pa kweli. Hofu usiipe jina la imani. Mimi niliipa, na aliyelala njaa ni mwingine.

Ijumaa ilete barua yako. Kiswidi nakisoma sasa. Tutaomba, tutaifungua, na chochote kilichomo hutakisoma peke yako.

Bwana akutie nguvu mikononi uweze kupasua karatasi hiyo. Akulinde, akupe usingizi, na wale unaowasubiri akufikishie wakiwa hai. Nawe ukipiga magoti, mtaje Neema.